Kuku Zangu Hazitoki Hapa

Salamabila, Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Ninakusalimu kwa heshima zote, wewe na Mama aliyekaa hapo pembeni yako akingoja usome kwa sauti. Goti lako linasemaje? Lile la kushoto bado linakuzuia kupanda shambani, au dawa ya majani aliyokuletea mama mchungaji imelituliza? Na Mama, kifua chake kimeachilia? Mvua huku imeharibu njia kabisa, hata pikipiki zinasukumwa kwa mikono, na ndiyo maana nimekawia kukuandikia. Sisi tuko wazima. Watoto wanakula, wanasoma, wanapigana, wanapatana. Ramazani, mkweo, amekonda kidogo kwa sababu ya kubeba mizigo ya watu kwenye njia hizi, lakini hajaanguka na hajaugua. Tunamshukuru Mungu.

Baba, ujumbe wako umenifika. Ramazani aliubeba kichwani kutoka Kasongo mpaka hapa na akanipa neno kwa neno, hata pale ulipokohoa katikati. Alisema umesema hivi: "Mwambie Feza apige magoti mbele ya shemeji yake, atoe kuku ya kuomba musamaha. Kama hataki, arudi kwangu nimufundishe tena heshima." Alipomaliza akainama akaanza kufungua viatu vyake taratibu sana. Alikuwa anajua nitakavyojibu.

Jibu langu ni hapana, Baba. Ninaliandika hapa juu ili usichoshe macho kulitafuta chini. Sitapiga magoti, na kuku wa kuomba msamaha sitatoa. Lakini mimi ni mtoto wako, na mtoto hawezi kumwambia baba yake hapana halafu akaenda zake. Kwa hiyo keti, unisikilize. Waliokuletea habari walikuletea mkia tu. Mimi ninakuletea mnyama mzima.

Unamfahamu Shemeji Hamisi, mkubwa wa Ramazani. Ndiye alikuja kwetu na wazee wakati wa mahari, yule mrefu aliyesifu sana sombe ya Mama, yale majani ya mihogo. Si mtu mbaya. Tulipofika huku bila kitu, ndiye alitupa sehemu ya nyuma ya kiwanja chao tukajenga. Hilo sijalisahau, na sitaki mtu aseme nimelisahau.

Mwaka huu Shemeji aliacha biashara ya dhahabu akaanza kufuga kuku wa kizungu. Alijenga nyumba ndefu ya mbao upande wa mbele, akaweka taa za jenereta, akaleta vifaranga katika makatoni kutoka Bukavu pamoja na mifuko ya chakula chao. Kuku wale ni weupe wote, wamefanana wote, wanakaa ndani tangu wanaingia mpaka wanatoka kwenda kwenye sufuria. Wanakula usiku na mchana. Wengine wanatoa mayai kila siku, mayai makubwa, safi, yanapangwa kwenye plato, zile trei za mayai, kama meno. Kusema kweli ni kazi nzuri, na watu wa machimbo wananunua.

Mimi nina kuku wangu, wewe unawajua maana ni uzao wa yule mtetea na yule jogoo mwekundu ulionifungia kwenye kikapu siku nilipoolewa. Wanalala bandani nyuma ya nyumba, asubuhi wanatoka. Wanachakura, wanakula mchwa, panzi, punje zinazoanguka kwenye kinu, maganda ya mihogo. Ninawapika kwenye mgahawa wangu mdogo pale karibu na njia ya machimbo, pamoja na bugali na sombe ya mawese. Kuku wangu anaingia motoni asubuhi na anaiva wakati watu wanatoka mashimoni. Wateja wananijua kwa hiyo tu.

Shemeji alianza polepole. Akasema nipike kuku wake, wanaiva haraka, kuni hazitaisha. Nikamshukuru, nikakataa. Akasema kuku wangu wanaozunguka wataleta ugonjwa kwa kuku wake. Hapo alikuwa na haki, Baba, sitaficha. Nikamwita mtu wa mifugo akawapa kuku wangu dawa ya matone, na mimi na Ramazani tukasimamisha ua wa matete kati ya upande wake na upande wetu. Nilifikiri yamekwisha. Kumbe alikuwa anataka nafasi ya banda langu ili arefushe nyumba yake ya kuku.

Siku moja alinikuta mgahawani watu wamejaa. Akakaa, akaomba maji, halafu akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Shemeji Feza, unajisumbua bure. Kuku ni kuku. Yai ni yai. Ule utamu unasema, iko mu kichwa yako tu. Wakikufunga macho, hautajua ya kwako ni gani."

"Nitajua," nikasema.

"Hautajua."

"Shemeji, mimi nimekula hii kuku tangu sina meno. Nitajua."

Watu wakaanza kupiga kelele, unawajua wachimbaji, wanapenda kila kitu kinachofanana na mchezo. Shemeji akasema tufanye Jumapili, mbele ya watu, na nikikosa niondoe banda. Kwa hilo la banda sikujibu ndiyo. Nilisema tu, "Leta kuku yako." Lakini yeye alilisikia kama ndiyo, na wengi walilisikia hivyo.

Jumapili, baada ya mimi kutoka kanisani, walikuwa wamekwisha kukusanyika. Tukamchagua Mama Aziza apike. Ni jirani yetu, anauza mawese, na hana upande kwa mtu kwa sababu anagombana na wote sawa. Ramazani, kwa kuwa ni Mwislamu, alichinja kuku wote wawili ili kila mtu aweze kula bila wasiwasi. Mama Aziza akawapika kwenye sufuria mbili, chumvi sawa, kitunguu sawa, hakuweka pilipili. Wa kwangu alimtanguliza motoni mapema sana, maana walitakiwa kuiva pamoja. Mayai akachemsha. Akanifunga macho na kilemba chake kinachonuka mawese.

Tukaanza na mayai.

Nikala la kwanza. Nikala la pili. Nikatafuna taratibu, hata kelele za watoto zimekwisha. Nikasema, "La kwangu ni hili la pili."

Mama Aziza akasema, "Hapana, mama."

Baba, walicheka! Mtu mmoja alipiga mabati ya mgahawa kwa mkono. Nikasema turudie. Tukarudia, nikapata. Nikataka kujivuna, Shemeji akasema turudie tena. Nikakosa. Nilikuwa ninabahatisha tu kama mtu anayechagua shimo la kuchimba. Miaka yote hii nimekuwa nikisema yai la kwetu lina utamu wake, na siku nilipoondolewa ile rangi ya njano iliyokoza ya kiini, utamu sikuuona tena. Labda nilikuwa ninakula kwa macho. Sijui. Ninakwambia kama ilivyokuwa.

Shemeji hakucheka. Alisema tu, "Umesikia mwenyewe."

"Lete kuku," nikasema.

Kuku nilimjua. Sikuhitaji hata kumeza. Mchuzi wake ulipokaribia pua nilijua. Nyama inashika mfupa, inabishana na jino, na ukishinda inakupa utamu unaobaki mdomoni hata baada ya kunywa maji. Yule mwingine alikuwa laini kama mkate uliolowa chai, na utamu wake wote ulikuwa wa kitunguu. Nikasema huyu ni wangu, yule ni wa Shemeji. Wakabadilisha sahani kunidanganya, nikasema tena. Wakaweka kwenye sahani zote mbili kuku yule yule mmoja, nikasema, "Mama Aziza, wacha kunichezea, hii yote ni ya Shemeji." Hapo walipiga makofi.

Nikafungua macho, nikasema na wengine waonje bila kuambiwa. Wakaonja. Nilitegemea wote watakuwa upande wangu, Baba, lakini watu wana midomo yao. Wengi walipenda wa kwangu. Lakini si wachache waliopenda wa Shemeji. Mzee mmoja wa machimbo alishika paja la kuku wa kizungu hakuliachia tena.

"Mzee," nikamwambia, "kweli hiyo ndiyo tamu?"

"Mama, mimi iko na fizi tu," akanijibu. "Ya kwako inataka mutu mwenye meno."

Hata mimi nilicheka.

Basi Shemeji akasimama, akajipangusa mikono. "Mayai umekosa. Kuku, watu wamegawanyika. Ni sawa na nilivyosema, utamu iko mu kichwa ya kila mutu. Kesho vijana wangu wanabomoa ile banda."

Nikasema, na maneno haya ninayakumbuka kwa sababu niliyachagua: "Shemeji, mayai nimekosa, ni kweli, kila mutu ameona. Lakini mimi sikusema nitafuga kuku mupaka dunia nzima ikubali ni tamu. Ni tamu kwangu. Ni tamu kwa wale wanakuja kula kwangu. Hiyo inatosha. Kuku zangu hazitoki hapa."

Akaondoka.

Kesho yake Ramazani alikuwa amekwisha kuondoka na mzigo kwenda Kabambare. Asubuhi wakaja wafanyakazi wawili wa Shemeji na nyundo na kamba, yeye mwenyewe nyuma yao. Waliniomba kwa adabu niwape kuku wafungwe miguu kwanza, wasiumie. Nikawaza, nifanye nini? Nipigane na wanaume wawili kwa mwiko? Nikaenda bandani, nikafungua mlango mpana, nikapiga sufuria kwa nguvu.

Kuku walitoka kama risasi. Jogoo alipaa mpaka juu ya bati la jirani, akasimama huko akilalamika. Mitetea waliingia shamba la mihogo. Mmoja mwenye vifaranga alimrukia mfanyakazi usoni, yule akaangusha kamba akajifunika macho.

"Wakamateni!" Shemeji anapiga kelele. "Wakamateni, munaogopa kuku?"

Wakakimbiza. Baba, ungeona! Wanaume wazima, waliozoea kubeba magunia ya mawe kutoka shimoni, wanakimbia huku na huku wameshika hewa. Mmoja alitumbukia kwenye shimo la udongo wa matofali mpaka kiunoni. Majirani wote walitoka. Mama Aziza alicheka mpaka akakaa chini. Hawakukamata hata mmoja.

Ndipo nikasema lile neno lililofika kwako. Sijui walikuletea limekuwa kubwa kiasi gani. Nilisema hivi tu: "Shemeji, ile miguu unasema ni ngumu kutafuna, ndiyo hiyo inakimbia. Ya kwako ingetembea mupaka wapi?"

Watu wakalia kwa kicheko. Shemeji akaita wafanyakazi wake, wakaenda. Jioni kuku wangu wakarudi wenyewe, mmoja mmoja, wakaingia kulala kama kawaida. Nikafunga mlango kwa ile kamba waliyoiangusha wafanyakazi.

Ramazani aliporudi alikuta wazee wa ukoo wao wamekwisha kuitwa. Walikaa barazani kwa Shemeji, mimi wakanikalisha kwenye mkeka. Wakasema nimemdharau mkubwa wa mume wangu mbele za watu. Nikasema nilichosema nilikisema baada ya yeye kuja kubomoa banda langu mume wangu akiwa safarini. Wakashauriana. Wakaamua nipige magoti, nitoe kuku mmoja, mambo yaishe.

Shemeji akasema, "Iwe ile jogoo yake nyekundu."

Mzee mmoja akauliza, "Kwa nini tutafute shida? Wewe uko na kuku nyumba nzima, atanunua moja kwako atakupatia."

"Hapana," Shemeji akasema. "Ile ya kwangu ni ya kuuzisha. Ya heshima ni ya kijiji."

Sikuweza kunyamaza, Baba. Wewe ungeweza? Nikasema, "Shemeji, si ulisema kuku ni kuku? Toa moja mu nyumba yako, uihesabu ni yangu."

Yule mzee alicheka, halafu akageuza kicheko kuwa kikohozi. Wengine wakakasirika. Ndipo Ramazani, ambaye mbele ya kaka yake huwa hafungui mdomo, akasimama. Alisema, "Ile banda ni mimi nilijenga kwa mikono yangu. Siku ya kubomoa, nitabomoa mimi. Na mimi sibomoi." Akaketi. Kikao kikavunjika hivyo, bila magoti, bila jogoo, na habari ikapanda pikipiki ikakufikia wewe.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa rahisi. Shemeji aliacha kunisalimu. Watu wake wote alikataza kula kwangu. Kuna siku sufuria ilirudi nyumbani imejaa karibu yote, tukala sisi, tukawapa majirani, nikaenda kulala nimechoka na hasira. Ramazani aliniuliza kama tupunguze kuku, tupate amani. Nikamwambia amani ya namna hiyo kesho itakuja kutaka na sufuria. Akatoka kwenda kukaza matete ya ua.

Jambo moja nimebadilisha. Mayai siyasifu tena. Mtu akiuliza kama ni matamu kuliko ya Shemeji ninamwambia ni mayai, kula. Lakini kuku wangu ninamsifu kwa sauti kubwa, kwa maana huyo nilimjua macho yakiwa yamefungwa.

Sasa nikueleze la wiki hii, maana hilo hawajakuletea. Sifa, mke wa Shemeji, amejifungua mtoto wa kike. Uchungu ulikuwa mrefu, damu ilitoka nyingi, wote tuliogopa. Mimi na Sifa hatujagombana hata siku moja. Wakati wa hasira zile alikuwa akinisalimu kwa macho kupitia matete. Niliposikia amerudi kutoka hospitali na hana nguvu ya kunyonyesha, sikungoja mtu aniombe. Nilichukua mtetea mnene, nikamtafuta mume wa Mama Aziza amchinje, nikampika tangu asubuhi mpaka mchuzi ukawa mzito na mafuta ya njano yakaelea juu. Nikafunika sufuria, nikaibeba kichwani, nikazunguka ua, nikafika mlangoni kwa Shemeji.

Alikuwa amekaa pale pale kizingitini, hajanyoa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliangalia sufuria. Harufu ilikuwa imemfikia.

"Hii ni ya kuomba musamaha?" akaniuliza.

"Hapana, Shemeji," nikasema. "Hii ni ya muzazi."

Nilikuwa tayari kusimama pale mpaka mchuzi upoe. Akasogeza miguu yake, akainuka, akanishikia pazia la mlango nipite.

Sifa alikunywa bakuli lote, akaomba lingine. Nilipotoka, Shemeji alikuwa amesimama nje, mgongo wake kwangu, anaangalia kuku wangu wanavyochakura upande wa pili wa matete. Hakusema asante. Mimi sikuingoja. Lakini jana asubuhi alinisalimu kwa jina langu, na mmoja wa wafanyakazi wake, yule wa shimo la udongo, alikuja kula kwangu mchana kweupe.

Ndiyo hayo, Baba. Ninakuheshimu, na Shemeji ninamheshimu kama mkubwa wa mume wangu. Nitamsalimu, nitamhudumia akiugua, nitapika kwenye harusi za watoto wake. Lakini kupiga magoti kwa sababu nimesema kilicho changu ni changu, hapana. Wakati wa kiangazi, njia ikikauka, nitakuja nyumbani na watoto. Nitakuja kukusalimu na kukusaidia kupukuchua mahindi. Sitakuja kufundishwa, maana kile ulichonifundisha kinanitosha. Ukitaka kunigombeza nitakaa nisikilize mpaka umalize, halafu nitakupikia.

Mpe Mama salamu nyingi, mwambie ile kanga aliyonitumia ndiyo niliyovaa siku ya kikao. Nisalimie dada yangu mkubwa anayelima karanga pale mtoni, asibebe mizigo mizito na mimba ile. Nisalimie Baba mdogo wa Nyangwe, mvuvi, akipita na samaki. Nisalimie mama mchungaji, na kiongozi wa kwaya wetu wa zamani, mwambie bado ninaimba sauti ya pili. Watoto wanakusalimu, mdogo anauliza kama babu ana meno.

Mungu akulinde kila unapoweka mguu. Huku mvua imeanza tena, sufuria iko motoni, na mimi bado niko hapa.

Ni mimi binti yako,
Feza